Semina ya kuwafunda wanaokwenda ng'ambo, Mtwara mjini: spika mbovu, somo zito

Mliozoea kunisoma kwa habari za gesti, mabasi na migahawa ya Kusini, leo nimekuja na semina. Inafanyika Mtwara mjini, upande wa Shangani, na wenye nayo ni kikundi cha watu waliokwenda nje kwa programu za kubadilishana wakarudi nyumbani. Wanaofundwa ni wale waliokwishapata ufadhili na sasa wanahesabu siku za safari. Ada ni shilingi 20,000 kwa kichwa, chai na chakula cha mchana humo humo. Mzazi au mlezi anaingia bure, ilimradi akae nyuma na asiingilie. Kukaa nyuma niliweza.

Jina la kikundi siliandiki, kwa sababu nina lawama mbili tatu na hata ukumbi wenyewe wameazimwa. Anayewahitaji kweli akiuliza Shangani hatapotea. Nyota nawapa nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza.

Kilichonipeleka ni mpwa wangu Somoe, yuko kidato cha tatu huku Lindi, amechaguliwa kwenda Marekani mwaka mmoja wa masomo kwa programu ya YES. Wasiotoka Kusini watauliza baba yake yuko wapi. Yupo, mzima, anavua. Ila sisi Wamwera mambo ya mtoto wa dada hayapiti bila mjomba, na shemeji fomu zilipofika alisema wazi kwamba hasaini mpaka mimi nizisome. Nina duka la kutoa kopi na kuchapa barua, basi watu huku wanaamini kila karatasi yenye muhuri naijua.

Nilizisoma. Programu hiyo iliundwa na Bunge la Marekani Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Jina lake kamili limebeba majina ya maseneta wawili, Kennedy na Lugar. Mtoto anasoma shule ya huko na anaishi na familia ambayo hailipwi hata senti. Hapo dada yangu alishtuka: mtu amlishe mtoto wa mwenzie mwaka mzima bure, anataka nini? Kinachotakiwa ni kwamba mtoto naye awaeleze kwao. Mwezi Novemba wana Wiki ya Elimu ya Kimataifa, ilianza mwaka 2000, na watoto hawa husimama mbele ya madarasa, makanisa na wazee wa mtaa kueleza wanakotoka. Kwa hiyo anayedhani maandalizi ni sweta na begi amekosea njia.

Wenzake Somoe ukumbini walikuwa mchanganyiko. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Masasi, anakwenda Marekani kwa Fulbright, mpango wa serikali ya huko wa kubadilishana walimu na wasomi, kufundisha Kiswahili chuo kikuu kwa mwaka wa masomo. Kijana wa Lindi anayekwenda kujitolea Ujerumani kwa weltwärts, mpango wa serikali ya Ujerumani wa vijana wa kujitolea. Dada wa Newala anayebangua na kuuza korosho, yeye ni wiki 6 tu za Mandela Washington Fellowship, mafunzo ya Marekani kwa viongozi vijana wa Afrika. Na wengine ambao sikuwafuatilia. Kuwaweka pamoja watu wa umri na safari tofauti namna hii nilidhani ni ubahili wa ukumbi, lakini kumbe kulisaidia, maana mwalimu yule aliuliza maswali ambayo Somoe asingethubutu kuyauliza.

Kuanza, walichelewa. Ratiba ilisema saa 3 asubuhi, mgeni rasmi akafika saa 4 na nusu, akasema "mkawe mabalozi wazuri wa nchi yetu" kwa nusu saa nzima, akaondoka na bahasha yake. Spika ilikuwa inakoroma. Feni zilikuwa mbili, moja inazunguka.

Sehemu ya makaratasi waliifanya haraka na vizuri. Kwamba anayelipiwa na serikali ya Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, anatakiwa arudi kwao akae miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu huko au viza za kazi za aina fulani, kwa hiyo anayepanga kuzamia ajue mapema. Kwamba bima ina mambo haigusi. Kwamba kwa wanafunzi wa sekondari pombe, dawa za kulevya na kuendesha gari ni marufuku na unaweza kurudishwa nyumbani. Somoe akaninong'oneza kwamba hata bajaji hajawahi kuigusa usukani. Historia nayo waliipitia juu juu: Fulbright ilianzishwa 1946, na fedha zake za mwanzo zilitokana na kuuza mali za vita za Marekani zilizobaki nchi za nje, na Rais Eisenhower mwaka 1956 ndiye aliyelipa nguvu wazo la raia wa kawaida kufanya kazi ya ujirani mwema kati ya mataifa. Hiyo ya kuuza mabaki ya vita ili kusomesha watu niliipenda, nikaiandika pembeni.

Ingekuwa vizuri wangeongeza kwamba Kusini hatujaanza leo. Benjamin Mkapa katoka Lupaso, Masasi, akafika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kabla ya kuwa Rais. Bernard Membe, wa Rondo hapa Lindi, alisoma Johns Hopkins naye akaishika wizara hiyo hiyo kuanzia 2007 hadi 2015. Watoto walikaa pale wakidhani wao ndio wa kwanza kuvuka mto Rufiji.

Chai ilikuja na sambusa za nyama na mihogo ya kuchemsha. Hapo ndipo nilipoona kwamba hawa watu wanajua kazi. Dada mmoja wa Mikindani, aliyewahi kukaa mwaka mzima na familia huko Iowa, Marekani, alikuwa anapitisha sahani. Alipofika kwa Somoe, mtoto akasema asante, nimeshiba, kama alivyolelewa. Huku kwetu ungemsihi mara ya pili na ya tatu. Yule dada akaitikia "haya", akapita na sahani yake. Somoe akabaki anaitazama ikiyoyoma. Baada ya chai ndipo dada akaeleza kwamba alifanya makusudi: ugenini ukisema umeshiba watakuamini, na utalala njaa kwa adabu zako. Akawafanya kila mmoja asimame aseme kitu anachokihitaji, kwa sentensi moja, bila kuzunguka. Somoe alisema hali nguruwe na angependa kujua chumba cha kuswalia kiko wapi. Mara ya kwanza alisema akitazama sakafu, mara ya tatu akamtazama dada usoni. Mwalimu wa Masasi, mtu mzima na heshima zake, alishindwa kabisa kuomba blanketi la pili bila kuanza na salamu za familia nzima.

Lakini saa ya maswali ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Dada wa Mikindani alijifanya mwanafunzi wa Marekani, miguu juu ya kiti cha mbele, akawa anawauliza mmoja mmoja kwa Kiingereza cha puani. Mbona umejifunika kichwa, shule unakwenda na nini, baba yako ana wake wangapi. Halafu likaja lile la siku zote: kwenu mnaishi na simba?

Mwezeshaji mwingine, kaka aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa ameshawagawia karatasi ya majibu. Jibu la simba lilisema hapana, simba wako hifadhini, sisi tunaishi mijini, tuna maghorofa na intaneti. Wa kwanza akalitoa kama lilivyo, wa pili vile vile. Zamu ya Somoe ikafika. Akafikiri kidogo, akajibu kwamba ndiyo, wakati mwingine.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kaka wa Dar akainuka kumsahihisha, dada akamzuia kwa kiganja, akamwambia mtoto aendelee.

Akaendelea. Bibi yake mzaa baba yuko kijijini, na miaka ya nyuma, kabla yeye Somoe hajazaliwa, simba walikula watu vijiji vya kule. Mazao yakikaribia kuvunwa nguruwe pori huingia shambani usiku, kwa hiyo watu wanahama nyumbani wakalale shambani kulinda. Wanalala kwenye kibanda cha nyasi. Akaonyesha kimo chake kwa mkono, hakikumfika kifuani. Nguruwe akija shambani simba anamfuata, na simba akimkosa nguruwe anamkuta mtu amelala. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe simba amemwona kwenye noti ya 2,000 tu. Safari hii walicheka tena, lakini walikuwa wanacheka naye.

Mtoto hakuwa anatunga. Watafiti waliochapisha mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Na sababu waliyoitaja ni hiyo hiyo ya bibi: nguruwe pori na watu wanaolala mashambani.

Kaka wa Dar hakufurahi. Alisema, na namnukuu kwa haki yake, "tukijibu hivyo tunaharibu picha ya nchi." Namwelewa. Ameishi nje, amechoka kuulizwa kama kwao wanalala juu ya miti, na kila akijibu anaona heshima ya watu milioni nyingi iko mdomoni mwake. Ila jibu lake ni kweli kwa mtoto wa Upanga, katikati ya Dar. Mtoto wa Lindi akilitoa ni uongo, na uongo wa aina hiyo hauvuki swali la pili. Mmarekani akiuliza "basi bibi yako anaishi ghorofa ya ngapi?" mtoto atasema nini? Somoe kwa jibu lake alikuwa na sentensi ya pili, ya tatu na ya kumi, na kila moja aliijua kwa kusimuliwa na mtu wake. Aliyesikiliza anaondoka anajua mkulima wa Lindi anapambana na nini ili apate debe la mtama. Mambo ya kupamba nchi yana Bodi yake ya Utalii, inalipwa kwa kazi hiyo.

Dada wa Mikindani alitoa kanuni ambayo niliona ina thamani kuliko ada yote ya siku: sema ulichokiona au ulichosimuliwa, taja ni wapi, na useme ni wewe unayesema. Ukiulizwa siasa za nyumbani, hivyo hivyo. Ukiulizwa jambo la Arusha nawe hujafika Arusha, sema hujafika. Nilimwona Somoe anashusha mabega. Tangu asubuhi alikuwa amebebeshwa bendera na mgeni rasmi, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba anayekwenda ni yeye tu.

Baada ya chakula (wali wa nazi na changu wa kukaanga, sina neno, na mwenyeji mmoja alileta ming'oko kutoka kwake, Mungu ambariki) kaka wa Dar alirudi na picha za ukutani za kuwafundisha jinsi ya kuitambulisha Tanzania. Mlima Kilimanjaro. Serengeti. Zanzibar. Kilimanjaro tena, sasa na twiga mbele. Nilisubiri Kilwa Kisiwani, ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981 na iko mkoani kwetu, haikuja. Nilisubiri japo kinyago cha Kimakonde, ndani ya Mtwara kwenyewe jamani, hakikuja. Hii ndiyo nyota niliyoizuia. Picha zile zimekuja zimeshatengenezwa kwingine, na watoto wa Kusini walizitazama kama wageni wengine wowote.

Kunyamaza kulinishinda hapo. Nikanyoosha mkono nikauliza kama kijana anayekwenda Ujerumani ameambiwa kuhusu Tendaguru. Kaka akasema hiyo haimo kwenye ratiba. Kijana mwenyewe, mtu wa Lindi, alijua kwamba kuna mjusi mkubwa alichimbwa; mengine hapana. Basi nikapewa dakika tano, nikachukua kumi. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, hao tunaowaita mijusi, pale kilima cha Tendaguru, hapa Lindi, kati ya 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa kwetu, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo kila mtoto wa shule Lindi angepaswa kulijua. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ikapakiwa melini. Leo mmoja wa hao mijusi amesimama Makumbusho ya Historia ya Asili, Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na watoto wa shule wa Kijerumani wanapelekwa kumwona. Haya yalifanyika miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji, na watu huku walikuwa bado na njaa yake.

Sasa mweke kijana huyu kwenye familia yake ya Kijerumani. Jumapili wanampeleka kwa wema wao wote kuona mjusi. Anasema nini? Akikaa kimya amepoteza nafasi, na akifoka wenyeji wake wataona wamemwalika mtu wa kuwatukana. Ningetaka semina imfanyishe zoezi hilo, pale pale, dada wa Mikindani akijifanya mama mwenye nyumba. Walipoona saa imekwenda wakasema watalifikiria. Kijana alinifuata baadaye akaomba nimwandikie jina la Boheti. Nililiandika nyuma ya risiti.

La korosho sikulitegemea. Dada wa Newala alikuwa amepanga kubeba kilo kadhaa za korosho za kukaanga, za zawadi, na nani angemlaumu? Ndilo zao letu, na nyingi mno zinaondoka nchini zikiwa ghafi, kwa hiyo mfuko wa korosho iliyobanguliwa Newala ni hotuba tosha ya biashara. Wakamwambia mambo mawili. La kwanza, chakula chochote kinatajwa kwa forodha unapoingia Marekani, hata kama ni cha kuruhusiwa. Ukificha ndipo unapojitia matatani. La pili, uliza kabla ya kumpa mtu. Wapo watu huko, na watoto wengi mashuleni, ambao korosho au karanga kidogo tu inawavimbisha koo na inaweza kuwaua, na shule nyingine haziruhusu kabisa kuingia nazo. Wamama wawili nyuma pamoja nami walishika vichwa. Sisi tunampa korosho mtoto aliyeota jino leo. Somoe alitoa kwenye begi lake orodha ya zawadi, akakata mstari wa kwanza, akaandika "khanga".

Lawama yangu ya mwisho ni ya sisi tuliokaa nyuma. Mama mmoja aliomba ruhusa akauliza: bibi yake mtoto ni mgonjwa, Mungu akimchukua wakati mtoto yuko huko, atarudi kuzika? Swali hilo kila mzazi alikuwa nalo. Kaka wa Dar akafungua kijitabu, akafunga, akasema kila programu ina utaratibu wake, akaendelea na mengine. Najua utaratibu unatofautiana. Lakini msiba kwetu si jambo la kumwambia mtu akaangalie kwenye kijitabu. Mzazi anahitaji ajue kabla: nani anapigiwa simu kwanza, nani anamwambia mtoto na kwa saa za huko itakuwa usiku au mchana, nauli ya dharura analipa nani, na kama hatarudi, hapa nyumbani tutawaambiaje watu matangani. Familia ikaliongee hilo mezani mtoto akiwepo, kabla hajapanda basi la Dar. Nilimwambia dada wa Mikindani wakati tunatoka. Akasema yeye mwenyewe alifiwa na babu yake akiwa Iowa, akaambiwa siku ya tatu, na familia iliyomkaribisha ikampikia wali ikakaa naye sebuleni usiku kucha bila kujua wafanye nini kingine. Mbona hukulisema ukumbini, nikamuuliza. Akasema hakuna aliyelipanga.

Sasa wamelipanga. Semina ijayo kutakuwa na saa moja ya wazazi na walezi peke yao, Jumamosi baada ya chakula, dada ndiye atakayeiongoza, na mimi nimeombwa nije na kopi za fomu.